Kuni za Pole

Wanaomjua shemeji yangu Octave siku hizi, wanaomwita asimame kwenye arusi na kwenye mikutano ya parokia, hudhani alizaliwa na ulimi ule. Nikiwasikia nacheka peke yangu. Mimi Louise nilimsikia alipokuwa anaanza, na nawaambia bila haya kwamba mtu yule angeweza kumlaza mbuzi akiwa amesimama. Sisemi kwa chuki. Shemeji ni wa kutaniwa, na huyu wangu amenipa vya kumtania maisha yangu yote.

Alikuwa mtu wa Nyangwe, mtoto wa mchonga mitumbwi. Alisoma Kasongo kwa wamisionari, akajifunza kazi ya munganga wa dispensari: kufunga vidonda, kuchoma sindano, kupima homa. Akajifunza na kusema mbele ya watu, na hapo ndipo walipomharibu. Mwalimu wake alikuwa na amri tatu. Simama wima. Usimtazame mtu usoni. Usifungue kinywa mpaka watu wote wamenyamaza. Octave alikuwa mtiifu kupita kiasi. Ukimwambia achemshe sindano mpaka maji yaimbe, angechemsha mpaka sufuria ilie. Amri zile tatu alizishika kama Baba Yetu.

Walimtuma upande wetu, Kabambare, miaka michache kabla ya uhuru, kwenye dispensari ndogo kando ya njia iendayo Lusangi. Alikuja na baiskeli, shati jeupe, na uso wa mtu asiyejua kudanganya. Dada yangu mkubwa Julienne alikwenda kwake na kidonda cha mguu. Kidonda kilipona upesi, lakini Julienne aliendelea kuchechemea kwenda dispensari mpaka mama akamuuliza mguu gani unauma, akasahau ni upi.

Baba yetu, Atumani, alikuwa mchonga vinu. Yeye alikuwa Mwislamu, mama alibatizwa, sisi wasichana tulifuata dini ya mama, na nyumbani hatukugombana kwa habari hiyo ila siku jirani alipoleta nyama ya nguruwe mwitu. Octave alipokuja kuposa, baba hakusema mengi juu ya mali. Alisema neno moja.

“Mutoto wangu asikie kinu ya mama yake kila asubuhi,” alisema. “Siku asiposikia, atarudi kwangu. Umesikia?”

“Nimesikia, baba,” alisema Octave, na akaapa mbele ya wazee.

Msifikiri ulikuwa mchezo. Baba aliweza kukaa barazani, akasikia vinu vinalia bondeni, akakwambia hiki cha fulani, hiki cha fulani, na yule leo ana hasira na mume wake. Neno la kinu kwake lilikuwa neno la kweli, na Julienne mwenyewe alikuwa amesema wazi kwamba hatamwacha mama. Basi Octave alijenga nyumba nyuma ya yetu. Alikuwa mkwe mwema. Mama akipita, yeye anainamisha macho na kusogea kando ya njia. Baba akiita, yeye amekwisha fika. Alikuwa na ila moja tu, nayo hatukuielewa. Alipenda mno mitego ya panya. Kila asubuhi, jua halijatoka, alibeba jembe akaingia porini kutazama mitego yake, na hajapata kurudi na panya hata mmoja. Mama alimhurumia sana. “Mukwe wangu hana bahati,” alikuwa akisema. Baba alijitolea kwenda naye amfundishe kutega. Octave akakataa kwa adabu, huku jasho likimtoka.

Sasa nije kwenye habari ya kabine. Ndivyo tulivyokiita choo, na ndivyo tunavyokiita mpaka leo. Amri ilitoka serikalini: kila boma lichimbe kabine, na asiye nayo atalipa amande, ndiyo faini, au atalala gerezani. Watu walichimba. Lusangi walichimba vizuri kuliko wote. Kabine zao zilikuwa na paa la majani mapya, mlango wa matete uliosukwa, na mbele pamefagiliwa. Zilikuwa safi kabisa, kwa sababu hakuna aliyeziingia. Watu waliendelea kwenda nyuma ya nyumba kama zamani, na kabine walimwachia Bwana Mkubwa akija kukagua. Mama Marcelline, mjane ambaye ulimi wake uliogopwa mpaka soko la Kabambare, alikuwa amelazia kuku ndani ya yake. Na kila masika ilipokuja, tumbo la damu lilikuja nayo.

Kazi ya Octave ilikuwa kwenda Lusangi kila Alhamisi, kwenye baraza la kapita Hemedi, mkubwa wa kijiji kile, kusema juu ya mambo hayo. Wakubwa wake waliita kozeri. Alikwenda bila kukosa, mvua inyeshe isinyeshe.

Siku moja dokta, Mzungu, alitoka Kasongo na gari kuja kukagua Lusangi. Akaenda moja kwa moja kwenye kabine ya Mama Marcelline, akavuta mlango, na kuku mwenye vifaranga akamrukia kofia. Dokta hakucheka. Alifungua ya pili, akakuta mahindi. Ya tatu, akakuta mikeka mipya imekunjwa vizuri. Akamgeukia Octave.

Tulijua ameambiwa maneno mazito kwa sababu jioni ile hakula. Julienne alimwekea ugali na sombe, Octave akaviangalia mpaka vikapoa.

“Atarudi mahindi ikikauka,” alisema mwishowe. “Akikuta tena kuku mule ndani, mi narudi Kasongo kuchemsha sindano. Ataleta mwingine mwenye kujua kusema na watu.”

Julienne alikaa chini. Kutoka Kasongo, hata upepo ukisaidia, husikii kinu cha mama yetu. Wote tuliokuwa pale tuliwaza neno hilo hilo, na nilimwona dada yangu machozi yanamlenga. Alimpenda yule mtu, jamani. Alimpenda na shati lake na mitego yake.

“Kitu inaniumiza,” Octave aliendelea, “ni vile watu wa Lusangi wananipenda. Nikisema, hakuna hata mutu anakohoa. Wanainamisha kichwa, wanasikiliza. Nikimaliza wanakuja mumoja mumoja, wananishika mukono, wananiambia pole. Na kuni hizi unapikia, unafikiri natoa wapi? Wao wananipa.”

Julienne aliushusha mwiko. “Wanakupa kuni?”

“Kila Alhamisi. Wamama wazee.”

Julienne akanitazama. Mimi nikatazama paa.

“Alhamisi hii tunaenda na wewe,” alisema dada yangu. “Mi na Louise.”

Tulikwenda. Watu wa Lusangi walikuwa wamekwisha kaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na wanawake wazee watatu wana kuni miguuni. Octave aliegemeza baiskeli, akasimama wima, akatazama juu ya vichwa vya watu, mahali fulani kwenye paa la kapita. “Kimya,” alisema. Watu walinyamaza na kuinamisha vichwa. Kisha akaanza, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka: kule mtaa fulani amekufa fulani kwa tumbo, akaacha watoto, kule kwingine amekufa fulani na mke wake. Alikuwa akiwatajia wafu ili waogope. Aliendelea hivyo mpaka kivuli cha baiskeli kikahama. Mtoto mmoja alilala, babu mmoja akalala, nami nilikuwa njiani kuwafuata. Alipomaliza, watu waliinuka wakajipanga. Wakamshika mkono kwa mikono miwili, na nyuso za huzuni. “Pole, bwana munganga. Pole sana.” Wale wazee wakaweka kuni kando ya baiskeli. Julienne alikuwa ameuma kitenge chake, na mabega yanamtikisika.

Alijikaza mpaka tukapita mto mdogo, Octave akisukuma baiskeli yenye kuni, uso umechanua.

“Octave,” alisema Julienne, “leo umefiwa na nani?”

“Sijafiwa na mutu.”

“Wale watu wamekupa pole.”

“Pole ya kazi.”

“Pole ya kazi inakuja na kuni?”

Octave alisimama. Mtu wa Nyangwe, aliyekulia shuleni, angejulia wapi? Kwetu, anayekuja na maneno ya arusi, au ya kesi, au hadithi tu ya kucheka, huchaguliwa mtu wa kumwitikia. Yeye anasema na huyo mmoja. Huyo anajibu, anauliza, anabisha, na wengine wote wanasikia kupitia kwake. Yako maneno ya namna moja tu yasiyo na mwitikaji. Ni ya tarishi wa kilio. Huyo ndiye husimama, akasema “kimya”, akataja marehemu na watoto aliowaacha, na watu wakainama. Kisha hupelekwa kuni, kwa sababu kwenye kilio watu hulala nje na moto hauzimwi. Wiki baada ya wiki, Lusangi walikuwa wakimzika mtu na Octave. Walishangaa ukoo gani huu unaokwisha namna hii, lakini walikuwa watu wa adabu, wakaendelea kuleta kuni.

Julienne alimweleza yote. Octave alizitazama zile kuni. Aliona aibu, niliiona inampanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Halafu pembe ya mdomo ikaanza kumcheza, na alipoanza kucheka alicheka kwa mwili mzima, baiskeli ikamponyoka, kuni zikamwagika njiani, nasi watatu tukakaa juu yake tukishika mbavu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Mshindo wa Lusangi ulikuwa huo.

Kuanzia kesho yake Julienne alimfanyia mazoezi uani. Yeye mwitikaji, Octave msemaji. Nilikuwa napepeta unga pembeni, na sijapata kufurahi na ungo namna ile.

“Nzi inabeba magonjwa,” Octave alianza.

“Inabeba na nini? Iko na kitunga?”

“Usinikatize, Julienne.”

“Sasa mi niko hapa kwa kazi gani?”

“Useme ‘kweli’. Nikisema neno, wewe useme ‘kweli’.”

“Nitasema kweli nikiona ni kweli. Kitunga iko wapi?”

Octave aliondoka kwa hasira akaenda kupiga pampu tairi ambalo halikuwa na shida. Alirudi, akajaribu tena, akakwama tena. Alikuwa anasema lake mpaka mwisho kabla ya kuvuta pumzi, na Julienne akiingiza neno wanagongana wote wawili. Aliyemtoa pale ni mama, na mama wala hakujua. Aliniita tutwange pamoja, kinu kimoja, michi miwili. Wangu ukipanda wake unashuka. Wake ukipanda wangu unashuka. Octave alitutazama, akaacha maneno yake, akatutazama muda mrefu. Nilidhani anaona njaa. Jioni aliposema na Julienne, alisema neno moja akanyamaza, akamngoja. Baba, aliyekuwa anakwangua kinu kipya, aliinua kichwa akasikiliza. “Sasa inatwanga,” alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Alhamisi ikafika. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka mashambani, na Octave usiku kucha alikuwa akigeuka kitandani kama chapati. Dada yangu ndiye aliyeniambia. Lusangi walikuwa wamekaa, kuni ziko tayari. Kapita Hemedi, mtu mnene mwenye huruma, alimsogelea na kumshika bega.

“Bwana munganga, leo nani amekufa?”

“Kapita, leo hakuna mutu amekufa,” alisema Octave. “Leo niko na maneno ya watu wazima wenye kuishi. Natafuta mutu wa kuniitikia.”

Mnong'ono ukapita. Mwanamke mmoja mzee alisukuma kuni zake nyuma ya kiti, polepole, kama mtu aliyeleta ngoma matangani. Julienne alisimama na kujifunga kitenge vizuri, tayari. Hemedi akatikisa kichwa.

“Hapana. Huyu ni bibi yako. Munakula sahani moja. Hata ukisema uongo ataitika. Mwenye kuitika atatoka kwetu.” Akageuka, akatazama watu wake, na nadhani Shetani mwenyewe ndiye aliyemgeuza shingo. “Mama Marcelline.”

Yale yote aliyofundishana na Julienne, na kitunga cha nzi, yalikwisha pale pale. Mama Marcelline alisogeza kigoda chake mbele, akakaa, akapanga nguo, akamkazia macho. Na Octave, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alimtazama mtu usoni akiwa anasema.

“Mama, nimekuja na habari ya mugeni mumoja.”

“Mugeni gani?”

“Mugeni mudogo. Anaingia bila hodi.”

“Adabu hana. Endelea.”

“Asubuhi anapita kule nyuma ya nyumba, kwenye majani.”

“Anatafuta nini kule?”

“Mama, unajua kitu munaacha kule.”

Watu waliguna, wengine wakaziba midomo. Mama Marcelline hakutikisika. “Najua. Anafanya nini nayo?”

“Anakanyaga. Anakanyaga na miguu yote. Halafu anakuja kwenu, hakunawa, anaingia mbele ya wenye nyumba.”

“Anakaa wapi?”

Octave alingoja, kama mchi unaongoja mwenzake. Kapita Hemedi alikuwa ameshika ndizi ya kuchoma, na juu ya ndizi ile, Mungu ni shahidi wangu, nzi alikuwa ametulia anasugua mikono. Mama Marcelline alimwona. Sisi sote tukamwona. Mwisho kapita naye akamwona, akaitazama ndizi yake, akaiweka chini kwa heshima.

Kicheko kilianzia kwa wanaume. Mama Marcelline alikiacha kipite, kisha akainua kidole, na watu wakatulia.

“Nimesikia,” alisema. “Ni kweli. Lakini bwana munganga, tangu ulikuja hapa unasema tu. Hujauliza.”

“Niulize nini, mama?”

“Uulize sababu gani hatuingii mule ndani.”

Kuuliza si ujinga, na hata mimi niliona aibu kwa niaba yake, maana si dokta, si administrata, si Octave, hakuna aliyewahi kuuliza.

“Nauliza, mama.”

“Kabine iko moja,” alisema Mama Marcelline, na sauti yake ilishuka. “Mi naishi na binti yangu na bwana yake, huyu Jean-Marie. Nikaingia asubuhi, nikatoka, mukwe wangu iko mulangoni anangoja. Nitamutazama na macho gani? Na yeye aende akae pale nimekaa mi, mama ya bibi yake? Heri tumbo iniume.”

Jean-Marie, mwanamume wa kifua kipana, alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Wanawake wengi waliitika kwa koo tu, mm, na wazee wakaitika. Hiyo ndiyo ilikuwa habari yote. Serikali ilikuwa imeamuru wakwe wakutane mlangoni, na watu walikuwa wamechagua kuhara.

Nikamtazama Octave. Jasho lilikuwa linamtoka, jasho lile lile la siku baba alipotaka kumfundisha kutega. Akapiga moyo konde.

“Mama, na mi pia.”

“Na wewe pia nini?”

“Mi naishi kwa wakwe zangu. Kabine iko moja. Tangu nimeoa, sijaingia hata siku moja.” Alimtazama Julienne, akanitazama na mimi. “Kila asubuhi nabeba jembe. Nasema naenda kutazama mitego ya panya.”

Mitego ya panya. Nilimkumbuka mama na huruma zake. Nilimkumbuka baba anamfuata mpaka ukingo wa pori na kamba mkononi. Nilikuwa wa kwanza kupasuka. Julienne aliniangukia mgongoni, na Lusangi nzima ikafuata. Kapita Hemedi alilia machozi akajifuta kwa kofia ya kazi. Mama Marcelline peke yake alikaa wima, kwa sababu mwitikaji hacheki kabla hajaitika.

“Na panya?” aliuliza.

“Sijapata kutega hata mumoja, mama.”

Hapo naye akashindwa. Alicheka mpaka kigoda kikamtupa, na Jean-Marie ndiye aliyemwinua, kwa kumshika kiwiko huku ametazama upande, kama mkwe anavyopaswa.

Na ni Jean-Marie aliyelisema, yeye aliyekuwa hajatamka neno. “Tuchimbe ya pili,” alisema. “Moja ya wakwe, moja ya sisi. Milango ipeane mugongo. Njia yake mbali, njia yetu mbali.”

Octave alimgeukia Mama Marcelline. “Mama?”

“Kuku yangu italala wapi?”

“Nitakujengea nyumba yake mi mwenyewe.”

“Na wewe, mutega panya, utachimba ya kwako?”

“Naanza kesho.”

“Basi nimeitika,” alisema Mama Marcelline, na watu wakapiga makofi kama kwenye arusi. Siku ile Octave alirudi nyumbani na baiskeli tupu.

Alianza kuchimba kesho yake, upande wa pili wa boma letu. Mama alipoambiwa sababu alijifunika uso na kanga, akaingia jikoni, tukamsikia anacheka na sufuria. Baba alichukua sepetu akaenda kumsaidia. Walichimba mpaka mchana. Kisha baba akasema, “Mi nilijua mapema. Hakuna panya upande ule.” Ndiyo yote aliyowahi kusema.

Mahindi yalikauka. Dokta akaja na gari lake, amekunja uso tangu mbali. Alivuta mlango wa kwanza, akatazama, akaufunga haraka. Akavuta wa pili, akaomba radhi. Kulikuwa na mtu. Alizunguka Lusangi yote, na kila boma aliona kabine mbili zimepeana mgongo, na njia mbili zimekanyagwa vizuri, na kwa Mama Marcelline nyumba ndogo ya kuku yenye ngazi. Alimuuliza Octave kwa nini mbili. Octave alisema ni desturi. Dokta akaandika kitu, akasema vizuri, akasema utabaki hapa. Aliyasema kama anavyosema mtu habari ya mvua, na dada yangu alinishika mkono mpaka vidole vikaniuma.

Kisha dokta akataka kuwapongeza watu yeye mwenyewe. Octave alimnong'oneza jambo, nadhani habari ya mwitikaji. Dokta alitikisa mkono. Hakuwa na muda. Alisimama wima mbele ya baraza, akatazama paa la kapita.

“Kimya,” alisema.

Watu walitazamana. Wakainamisha vichwa. Dokta alisema kwa Kifaransa, sauti moja, muda mrefu, juu ya magonjwa na idadi ya wafu wa mkoa, na Octave alitafsiri neno kwa neno bila kuthubutu kumtazama Julienne. Dokta alipomaliza, watu waliinuka wakajipanga. Mama Marcelline alikuwa wa mbele. Alimshika dokta mkono kwa mikono yake miwili, na uso wa huzuni ambao ungemliza polisi.

“Pole, dokta. Pole sana.”

Nyuma yake wakaja wengine, na wale wazee wakaenda nyumbani wakarudi na kuni, nzuri, kavu, wakazipanga ndani ya gari. Kama walikuwa wanatania au walikuwa na adabu, mpaka leo sijui, na Mama Marcelline alikufa bila kuniambia. Dokta alikuwa amesisimka. Alimuuliza Octave neno hilo pole maana yake nini.

“Wanaona umechoka, dokta,” alisema Octave.

“Wananipenda,” alisema dokta, na akaondoka na kuni zake mpaka Kasongo.

Asubuhi iliyofuata kinu cha mama kililia mapema, na nikamsikia Julienne anatoka nyumba ya nyuma na shoka begani, ananung'unika. Tangu mume wake ajue kusema, Lusangi hawakumpa tena hata kijiti, na kuni sasa ilibidi akatafute mwenyewe. Alisimama kidogo uani, akasikiliza kinu, akanicheka nilivyokuwa nimesimama na usingizi machoni. Kisha akaenda porini akiimba, kwenye pori lile lile la mitego.